Hodi Kutoka Ndani

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Ulikuwa mwaka wa 1943, vita vya Hitla vimepamba moto, na porini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kisarawe, kulikuwa na karakana ya baruti. Asubuhi wafanyakazi walipanga mstari getini wakapekuliwa. Kiberiti, kisu, pete, hata hirizi yenye pini, vyote vilibaki kwa Mbaraka mlinzi. Ndani walivaa kanzu za kitambaa cha marekani zisizo na vifungo, wakatembea pekupeku.

Mnyapara wao alikuwa Kitwana, mtu mwenye roho mbaya, na sioni sababu ya kumpamba. Chumba cha kuchanganyia baruti kiliingiwa na mtu mmoja mmoja, ili kikilipuka afe mmoja. Amri ya Mzungu mwenye karakana ilikuwa mlango wake usifungwe kamwe. Kitwana aliufunga kwa kufuli, kwa nje, ati watu wamezidi kutoka kunywa maji na kuswali. Aliyetaka kutoka ilibidi apige hodi kutoka ndani, na Kitwana alimjibu, "Subiri," akaendelea na soga zake. Alijiona mcheshi sana.

Mchana huo aliyekuwa ndani ni Saburi, mume wa Zena. Alipiga hodi mara tatu, akaambiwa asubiri mara tatu. Mara ya nne haikuwa hodi, ilikuwa yowe. Kisha mlipuko ukang'oa paa.

Mzungu alikuwa mjini, na Kitwana alikuwa na saa nzima ya kufanya lake. Aliondoa kufuli. Akazoa mifupa kwa koleo na kuifukia kwenye shimo la taka nyuma ya karakana. Mzungu alipofika akaambiwa kwamba mlango ulikuwa wazi, Saburi amewasha sigara ya wizi, kaona moto, katoroka. Wenzake Saburi walikuwa banda la mbali, wakazuiwa kusogea, hawakuona kitu. Mbaraka aliona. Kitwana alimnong'oneza kwamba akifungua mdomo, yeye ndiye atakayeulizwa kiberiti kilipitaje getini. Mbaraka akarudi getini kwake.

Zena hakutaka kesi. Alimfuata Kitwana nyumbani kwake, akapiga magoti uani mbele ya Biubwa, mke wa mnyapara.

"Kaka Kitwana, sema tu kwamba alikuwa ndani. Nikae eda ya mume wangu, nimsomee hitma. Sitaki kingine."

"Eda ya mtu aliye hai?" Kitwana akamjibu. "Mumeo yuko Ruvu, anavua samaki na mke mpya."

Kitwana alicheka. Biubwa hakucheka. Tangu hapo watoto wa kijiji wakamwita Zena mke wa mtoro, naye akatembea na baibui lake jeusi bila mtu wa kumpa pole. Inauma, hata kuisimulia.

Chumba kilijengwa upya. Siku moja kabla hakijaanza kutumika, adhuhuri, jua la utosi, Kitwana na Mbaraka walikaa nje yake wakila mihogo. Mlango umefungwa. Ufunguo uko kiunoni mwa Kitwana. Kutoka ndani, taratibu, mtu akasema hodi.

Mdomo umejaa, akili iko kwenye mihogo, na mtu aliyelelewa na wazee wa Kizaramo haachi hodi ikae hewani. Kitwana alijibu kabla hajafikiri.

"Karibu."

Mbaraka aliacha kutafuna. "Umemkaribisha nani?" akanong'ona.

Kitwana alifungua mlango. Chumba kitupu. Sakafu ilikuwa ya moto, haikanyagiki.

Jioni Biubwa alimuuliza kwa nini mgeni wake amesimama mlangoni, haingii. Kitwana hakuona mtu. Kesho yake Biubwa alisema mgeni yuko uani. Ikafika siku ya tatu. Aliweka sahani mbili, moja kwa mumewe, moja kushoto kwake kwenye mkeka. Ubavu wa kushoto wa Kitwana ulianza kutoka malengelenge.

"Nenda kwa Zena," Biubwa alimnong'oneza. "Kamwambie kweli. Mgeni atakuacha."

Akaenda. Alimkuta Zena anapalilia kunde. Maneno yalikuwa mdomoni, machache tu, na Zena alisimama na jembe lake akimngoja, macho yamemtoka. Kitwana akaukumbuka mti wa kunyongea. Akakumbuka unyapara.

"Wanasema mke mpya ana mimba," alisema, akageuka.

Alirudi kwake, akaingia ndani, akaketi mkekani. Biubwa alikuwa nje anatwanga. Mlango ulikuwa wazi. Hakusikia kelele. Hakuona moshi. Alisikia harufu ya baruti tu, akatupa mchi, akaingia.

Mkeka haukuungua hata ukindu mmoja. Juu yake ilikuwako mifupa, myeupe, mikavu, imechanganyika. Biubwa aliiangalia mpaka akaona mafuvu ni mawili.

Ndipo Mbaraka alipofungua mdomo. Aliwapeleka watu kwenye shimo la taka. Majani yalikuwa yameota juu yake, hayajaguswa. Wakachimba mpaka udongo mgumu. Hapakuwa na mfupa hata mmoja.

Zena aliitwa. Mwalimu Adamu, aliyekuja kuzika, aliipanga mifupa juu ya sanda mara tatu, na kila mara ilimshinda kujua upi wa nani. Urefu mmoja, weupe mmoja. Mwishowe aliamua wazikwe kaburi moja, sanda moja, wanawake wote wawili wakae eda kuanzia siku hiyo.

Zena alipiga magoti kando ya sanda. Alichokiomba amekipata. Alinyoosha mkono kuaga, ukabaki juu, unakwenda kwenye fuvu hili, unarudi kwenye lile.

"Yupi wangu?" aliuliza.

Biubwa alikuwa amenyoosha wake pia.