Koti Lililovaliwa

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025. Asubuhi hiyo Lubumbashi iliamka bila jua. Mvua ilikuwa imekoma, lakini mawingu yalibaki chini, meusi zaidi upande wa Kipushi, na upepo ulinuka udongo uliolowa.

Watu wanne waliingia garini wakiwa wamekwisha kuchoka, maana siku tatu walikuwa wamezunguka sokoni kutafuta vitu vya mahari, dot kama wanavyoiita huko. Mbele alikaa Papa Godefroid, mzee wa miaka sabini na moja, mstaafu wa reli, ndani ya suti ya kijivu na viatu vilivyopakwa rangi hadi vikang'aa. Yeye ndiye msemaji wa familia, na bila msemaji mahari haipokelewi. Nyuma alikaa Aimé, bwana arusi, mtoto wa marehemu mdogo wake. Kando yake alikaa Germaine, dada ya mzee, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiuza tombola, yaani nguo za mitumba. Usukani alishika Caleb, rafiki ya Aimé.

Germaine alivaa koti la mvua la kijani, zito, lenye kiraka kwenye kiwiko, na mabuti ya mpira ya marehemu mume wake.

"Tantine, tunaenda kuposa ao kuchoma makala?" Aimé alimwuliza shangazi yake, kwa maana hivyo huvaa wachoma makaa.

"Mvula haiulizi unaenda wapi."

"Bamukwe batasema familia yetu iko na mateso."

"Baseme. Wakati banasema, mimi nitakuwa mukavu."

Caleb alicheka. Papa Godefroid naye alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Koti hilo lilikuwa na habari yake. Majuma mawili nyuma Germaine alilitoa ndani ya balo la mitumba mbele ya Aimé. Alibana kitambaa mdomoni akapuliza kwa nguvu, mashavu yakavimba, pumzi haikupita. Akaligeuza ndani nje akamwonyesha mishono, imeshonwa mara mbili na kufunikwa utepe. "Rangi ni ya macho," alimwambia. "Weye angalia mushono. Hii njo koti baba ya Plamedie anaomba."

Kwa kweli Papa Mapalo, baba wa Plamedie, binti anayeposwa, hakuomba suti. Kazi yake ni mitego ya samaki katika bwawa la majani nyuma ya kijiji cha Kamalenge, na kwenye orodha yake aliandika: koti la mvua lenye nguvu, mabuti, blanketi. Lakini Aimé alikataa. Mahari ni kitu kipya. Nani atampa baba mkwe nguo iliyotoka mabegani mwa mtu mwingine? Alinunua blanketi, mabuti mapya na koti jipya la buluu, ndani ya pakiti yenye picha ya mzungu anayetabasamu mvuani. Hakuifungua pakiti, kwa sababu mahari hufunguliwa mbele ya wenyeji tu.

Mvua iliwashika saa nne, mbali na lami. Ilishuka yote kwa mara moja. Njia ikageuka mto mwekundu, gari likateleza kando, magurudumu ya mbele yakazama ndani ya mtaro na maji yakaingia kwenye injini. Walisukuma kwa nguvu zao zote. Gari halikutikisika.

"Kamalenge iko mbali?" Godefroid aliuliza.

"Kwa muguu, saa tatu," Caleb alijibu. "Kurudia ku lami, saa tano. Mimi nitabakia na gari."

"Basi tunaenda mbele. Nilitoa neno kama leo tutafika."

Germaine alitazama viatu vya kaka yake. Alifanya ishara ya msalaba, akajifunga mzigo wa blanketi mgongoni, Aimé akabeba koti na mabuti ya mahari, wakaanza.

Mwendo ulikuwa mzito. Udongo ulishika miguu kama mtu asiyetaka kuachia. Suruali ya jinzi ya Aimé ilikunywa maji ikawa nzito kama chuma. Baada ya saa moja soli ya kiatu cha Godefroid ilibanduka. Mzee akavivua viatu vyote viwili, akavitupa kwenye majani, akaendelea na soksi.

Walifika kwenye kijito. Siku nyingine mtoto hukivuka akiruka. Siku hiyo maji yalifika kiunoni, na matawi yaliyovunjika yalipita kwa kasi. Germaine alitoa mfukoni kamba aliyoisuka kwa mikanda ya plastiki inayofunga mabalo.

"Hii inabeba kilo mia," alisema, akimpa kaka yake mkubwa ncha moja. "Yaya, funga kiunoni. Aimé, weye mbele."

Katikati ya maji mzee aliteleza. Akazama mzima. Kamba ilikaza, ikakata viganja vya Aimé, lakini haikukatika. Walimvuta ng'ambo kama gunia, akatapika maji mekundu, akakaa chini akitetemeka hadi meno yakagongana.

Mvua haikupungua. Walitembea tena, wakimshika huku na huku. Kisha mzee akaacha kutetemeka, na Germaine akaogopa zaidi kuliko mwanzo.

"Yaya, leo ni siku gani?"

"Treni... inachelewa," Godefroid alisema taratibu, macho yakitazama mahali pasipo na kitu.

"Baridi inamuingia mu kichwa. Aimé, fungua dot."

Aimé alisimama. Sheria ya wazee ilikuwa mdomoni mwake, tayari kutoka. Mzee mwenyewe alisikia neno dot, akainua mkono. "Usifungue. Ni vitu ya bamukwe."

"Bwana Mungu, unisamehe," Aimé alisema, akapasua pakiti.

Koti la buluu lilikuwa jepesi kama ganda la kitunguu. Walipoingiza mkono wa mzee, bega likachanika. Walipovuta upande wa pili, mshono wa mgongo ukafunguka wote, kutoka shingoni hadi chini, bila hata kelele. Aimé alibaki ameshika vipande viwili. Akatoa mabuti mapya, akamvisha mzee. Hatua kumi tu, gundi ikaachia na maji yakaingia.

Germaine hakumgombeza. Alikuwa amechoka mno kwa hilo. "Mutoe nguo yote ya maji. Yote. Blanketi iko mukavu mu nailoni yake." Wakamvua mzee suti chini ya mti, wakamzungushia blanketi juu ya ngozi. Kisha Germaine akavua koti lake la kijani, akamfunga nalo hadi kidevuni, akamtia kofia yake. Akavua na mabuti ya mume wake akamvisha. Yeye akabaki na blauzi, ule mfuko wa nailoni mabegani, miguu mitupu.

"Tantine, na weye?"

"Mimi niko na mafuta mu mwili. Mubebe. Usisimame mupaka ku moto."

Aimé alimbeba mgongoni. Alihesabu hatua mia, akasali Baba Yetu, akahesabu tena. Mahali fulani hesabu ikapotea, sala ikabaki peke yake. Mara mbili alianguka, na mara mbili Germaine aliyekuwa akilia kwa baridi alimwinua kwa mshipi. Kwenye shingo yake Aimé alisikia pumzi ya mzee, ndogo, inakuja, inakwenda. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa pumzi hiyo isikome.

Saa kumi na moja jioni mbwa walibweka. Plamedie ndiye aliyewaona kwanza, akapiga kelele, na watu wakakimbia na kuwaingiza jikoni penye moto. Walimpa mzee maji ya moto yenye sukari, kijiko kwa kijiko. Alianza tena kutetemeka. Baadaye alifungua macho akatazama mabuti miguuni mwake.

"Germaine," alinong'ona akitafuta viatu vyake, "bilato yangu iko wapi?"

"Inabakia mu njia, yaya. Itafika na treni."

Ndipo watu wakacheka, na Germaine akafunika uso akalia.

Nguo zilipoanza kukauka, familia mbili zilikaa kuzunguka moto, pamoja na majirani na katekista wa kijiji. Aimé alipiga magoti mbele ya Papa Mapalo. Akaweka chini vipande vya koti la buluu na mabuti yaliyoachama.

"Papa, hii njo dot yenu. Niliifungua mu njia."

Papa Mapalo alichukua kipande, akakibana mdomoni, akapuliza. Moshi wa jikoni ukayumba upande wa pili. Kisha akanyoosha mkono akashika pindo la koti la kijani lililomfunika Godefroid, akapuliza tena. Mashavu yakavimba. Hakuna kilichopita.

"Hii ya buluu, uliijaribu?"

"Hapana, papa. Niliangalia picha."

"Mu bwawa kule, picha haina kazi." Plamedie alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, akisubiri neno la baba yake. "Na binti yangu, utamuangalia sawa na picha?"

Miguu ya Aimé ilikuwa na damu, lakini alisimama ili wote wamsikie.

"Papa, mama, na bote muko hapa, muwe bashahidi, na Mungu anasikia. Koti yenu nitaileta, na sitaileta mupya: nitaivaa kwanza mimi, siku muzima mu mvula. Na kila kitu nitaingiza mu nyumba ya Plamedie, mvula itanipiga mimi kwanza. Kitu yenye kupitisha maji haitafika kwake."