Bobini Isiyoisha

Siku ya kumi na moja, Habibo aligundua kwamba hajabadilisha bobini.

Fundi yeyote atakwambia hilo haliwezekani. Bobini ndiyo inayobeba uzi wa chini. Ukishona sketi tatu, nne, uzi umekwisha, unajaza tena. Habibo alikuwa ameshona sketi thelathini na sita za shule kwa ile cherehani kuukuu ya miguu iliyoletwa na lori kutoka Merti, na uzi aliojaza siku ya kwanza ulikuwa bado unatoka.

"Mama Ubah, hiyo bobini umeiloga?" Kathure alimtania kutoka upande wa pili wa veranda, alikoweka cherehani yake. "Mimi tangu asubuhi nimejaza mara tatu."

"Ni baraka, Mama Makena."

"Si ufungue tuione?"

"Wacha! Baraka haichunguliwi. Ukiichungulia inakimbia."

Leo kuna watu hapa Kiwanjani wanaosema tamaa ndiyo ilimponza. Waje waseme mbele yangu. Huyu mwanamke alilelewa na akko wake, bibi aliyekataza mtu yeyote kuchungulia kibuyu cha maziwa kabla wote hawajanywa, na nyumba ile haikulala njaa hata mwaka wa ukame. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Ni nani kati yao angefungua kifuniko?

Halafu Ubah, binti yake wa miaka minane, akaanza kushika tumbo.

"Mama, kuna kitu kinanivuta."

"Wapi?"

"Hapa." Akaonyesha kitovu. "Ukishona kinavuta. Ukiacha kinaacha."

Habibo akampa dawa ya minyoo, akarudi kazini. Mama gani hangefanya hivyo?

Jumamosi mchana alimwita Ubah ajaribu sketi yake mwenyewe. Ilipaswa kufika chini ya magoti. Ilifika katikati ya miundi. Habibo akadhani amekosea kukata. Akachukua tepu, akampima mtoto kuanzia utosini hadi kisigino, akalinganisha na alama ya chaki aliyomwekea ukutani siku ya Idi. Inchi nne zilikuwa zimepotea. Akapima tena; zilikuwa nne zile zile.

Mtoto hukonda, hilo kila mzazi analijua. Mtoto hafupiki.

"Mama Makena," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo umshike huyu."

Jua lilikuwa la utosi na barabara ilikuwa imenyamaza, hakuna hata boda boda. Habibo akasukuma kile kibati kinachofunika bobini chini ya sindano, akainama, na akaona bobini tupu kabisa, inang'aa, haizunguki, haina hata unyuzi mmoja, lakini uzi ulikuwa bado unapanda kutoka chini yake, kutoka kwenye giza ambako hapakupaswa kuwa na kitu ila ubao wa meza na magoti yake mwenyewe, uzi wenye unyevu, wenye joto, unaonuka kama kitovu cha mtoto mchanga kabla hakijaanguka, na alipoushika akauvuta kidogo tu ili aone mwisho wake, Ubah alijikunja mikononi mwa Kathure kama kitambaa kinachokunjwa mara mbili, akapiga yowe.

"Usivute!" Kathure akalia. "Ngai, Mama Ubah, usivute!"

Sheikh Dida alikuja baada ya swala ya alasiri. Alimsomea Ubah dua mpaka kanzu ikalowa mgongoni. Kisha akamgeukia Habibo, eti: "Mama, ulifanya dhambi gani?"

"Sheikh, iulize cherehani," Kathure akamkata. "Huyu alikuwa anashona tu."

Sheikh akaitazama ile cherehani. Alipozungumza tena alikuwa ananong'ona. "Hili jini linachukua kwa huyu, linawashonea wengine. Kilichoshonwa kikifumuliwa, kitarudi."

Sketi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Makena, binti ya Kathure. Kathure mwenyewe alikimbia kuileta. "Ni kitambaa tu. Fumua."

Habibo akashika wembe, akakata mshono mmoja. Ubah akavuta pumzi ndefu. Akakata wa pili.

Nyuma ya nyumba, Makena alikuwa anaruka kamba. Kamba ikanyamaza.

"Mamaaa! Nani ananivuta?"

Wiki nzima Kathure alikuwa akijisifu jinsi Makena alivyorefuka ghafla, jinsi viatu vimemkataa. Sasa aliweka kiganja chake juu ya wembe, taratibu, bila kuunyang'anya.

"Habibo. Na huyu pia ni mtoto."

"Najua."

"Wako thelathini na sita."

"Najua, Kathure!"

Sheikh akasema itabidi ashauriane na wenzake. Akatazama viatu vyake. Ndivyo walivyo, kazi ikifika penye mfupa, wanashauriana.

Habibo hakumngoja. Alivua shuka lake la begani, akakata humo gauni la Ubah kwa vipimo vya ile chaki ya Idi. Akainama chini ya sindano, akauuma ule uzi kwa meno, ukakatika, na kabla ncha iliyobaki haijaingia gizani aliizungusha kiunoni mwake, akaifunga fundo juu ya kitovu chake mwenyewe, ili uzi uvute kwake, si kwa mtoto. Kathure alimwomba, alimshika bega, alimwita mwendawazimu, na Habibo alikuwa ameshaanza kukanyaga, meno yameumana, jasho likidondoka kwenye kitambaa, akishona bega, kwapa, ubavu, akishona bila kuinua macho, huku kelele za chuma zikizidi kasi kuliko miguu yake, mpaka adhana ya magharibi ikasikika na pindo la mwisho likaisha.

Kathure akamvalisha Ubah. Gauni lilifagia sakafu. Kisha pindo likaanza kupanda, likapita vidole, likapita vifundo, likatulia pale lilipopimiwa.

"Mama!" Ubah akacheka, akijishika tumbo. "Hakivuti tena!"

Habibo akataka kushuka amkumbatie, akatazama chini kutafuta sakafu. Miguu yake ilikuwa inaning'inia hewani kama ya mtoto aliyeketishwa kwenye kiti cha mtu mzima, haigusi chochote. Na pedali ilikuwa bado inapanda na kushuka.