Mvuto wa Mwisho

Nilifunga karakana jua likizama, nikatia futi kamba mfukoni na penseli sikioni, nikaenda kwa mdogo wangu kupima picha. Kazi ya kawaida kabisa. Mimi ni fundi wa fremu, yeye ni mchoraji. Anachora, ninafunga. Tumeishi hivyo tangu baba yetu afariki na kuniachia msumeno wake.

Mchana ule mama alikuwa amenipigia simu. "Mwangalie mdogo wako vizuri," aliniambia. "Sauti yake siipendi. Anaongea kama mtu aliyetoka kupanda mlima."

Mdogo wangu ana pumu tangu utotoni. Hajawahi kuvuta hata sigara moja. Ndiyo maana tulicheka sana alipoanza kuchora picha za biri, zile sigara nene za kahawia wanazovuta wenye nazo wakishashiba. Ila mle ndani huoni biri. Huoni mdomo wala kiberiti. Unaona rangi tu: kahawia iliyokolea, dhahabu kidogo, kijivu kinachojikunja kama kinasinzia. Alizipa majina. Baada ya Chakula. Kiti cha Jioni. Mvua Dirishani. Watu walisimama mbele ya picha hizo wakafumba macho, wakameza mate. Mwalimu mmoja mstaafu alilia pale pale, akasema amejisikia kama mtu aliyemaliza kazi zote za dunia.

Zilinunuliwa zote. Na zote nilizifunga mimi.

"Nani kakufundisha raha ya kitu usichokijua?" nilimuuliza siku moja.

"Kuna mzee huwa anakuja," alinijibu. "Ananisimulia."

Sikuchimba zaidi. Wachoraji wana watu wao.

Basi jioni ile, nilipofika juu ya ngazi, harufu ikanipokea. Tumbaku. Ngozi ya viti vya zamani. Kahawa iliyokaangwa... na asali kwa mbali. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Kisha nikapandwa na hasira. Nani anavuta kwenye chumba cha mtu mwenye pumu?

Nikasukuma mlango.

Hapakuwa na moshi hata chembe. Dirisha limefungwa. Mdogo wangu ameketi sakafuni, mgongo ukutani, brashi bado mkononi. Mashavu yamebonyea. Mifupa ya shingo imemtoka kama henga za nguo.

"Dada," alinong'ona. "Pima haraka. Anaitaka leo."

"Nani anaitaka?"

Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye picha.

Ilikuwa kubwa kuliko mlango. Kahawia iliyokaribia weusi, na katikati doa jekundu, ukubwa wa kifungo cha koti. "Inaitwaje?" nilimuuliza. Akasema, "Mvuto wa Mwisho." Nikaegemeza futi kamba kwenye turubai la picha ili nianze kupima.

Turubai lilikuwa la moto. Kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Kisha doa likawaka.

Liliwaka polepole, kama kaa linalovutiwa hewa. Nyuma yangu pumzi ya mdogo wangu ikakatika. Hhhh... Doa likafifia. Akapata hewa kidogo. Nikasubiri. Doa likawaka tena. Pumzi ikakatika tena.

"Unavutwa," nilisema.

Machozi yalimtoka. "Nilidhani nachora raha yake, Dada. Kumbe biri ni mimi."

"Fremu iwe nyeusi."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Kulikuwa na kiti pale, na mimi nilipoingia niliona koti tu limetundikwa. Sasa koti lilikuwa na kichwa. Mzee mtaratibu, nywele zimechanwa, mikono juu ya magoti. Ni mkubwa kwangu, ilinipasa kumwamkia. Sikumwamkia.

"Ukitaka kuvuta, vuta mwenyewe," nilimwambia.

"Siku hizi siwezi, mwanangu. Sina kifua."

Akafungua vifungo viwili. Ndani ya koti hapakuwa na kitu. Giza tu... na majivu.

Nikiogopa, ulimi wangu hauna adabu. "Daktari alikukataza?"

"Alinikataza. Nilimzika kabla babu yako hajazaliwa." Alitabasamu. "Picha isiyo na fremu huvuja, na mimi sipendi kupoteza. Funga hii moja tu. Mdogo wako atapumzika."

"Kupumzika gani?"

Aliinua kidole kimoja, na mara nikajikuta nimekaa mahali laini. Mgongo hauniumi. Chumba cha pili baba yangu yu hai, anapiga randa na kupiga mluzi. Hakuna kazi iliyobaki. Hakuna mtu ninayemdai upendo. Nilitaka kubaki pale. Wallahi nilitaka.

Hhhh...

Ile sauti ilinirudisha chumbani.

"Sifungi," nilisema.

"Zile nyingine ulifunga."

"Zile sikujua. Hii najua. Sifungi."

"Basi atakwisha taratibu, mbele ya macho yako."

Nikachomoa kisu changu cha kukatia turubai. Mdogo wangu akajikokota, akanishika mguu. "Usiikate! Mimi nimo mle, Dada. Ukikata unanikata mimi."

Nikarudisha kisu. Doa lilikuwa linaanza kuwaka tena, safari hii kali kuliko zote, na macho ya mdogo wangu yakageuka meupe. Sikuwa na muda wa kufikiri.

Nikaweka kiganja juu ya lile kaa, nikakandamiza.

Liliniunguza hadi kwenye mfupa. Nilinusa nyama yangu mwenyewe. Na yule mzee, ambaye hadi hapo alikuwa akinong'ona, akapiga kelele:

"Ondoa mkono!"

"Njoo uuondoe wewe!"

Koti liliinuka kitini. Nilisikia vumbi likikwaruza sakafuni, likija... likija... hadi nyuma ya shingo yangu. Baridi. Sikugeuka.

"Vuta basi," nilimwambia. "Vuta na mkono wangu. Tuone kama utapita kooni."

Akavuta. Mkono wote ulikufa ganzi, na chumba kikazunguka. Nikazidi kukandamiza.

Kisha akakohoa.

Kikohozi kikavu, cha zamani, kama gunia linalokung'utwa. Kikaenda kikififia. Halafu mdogo wangu akavuta hewa, ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Nilipogeuka, kwenye kiti palikuwa na majivu tu.

Tulihamia kwa mama usiku huo huo. Daktari alipopima mapafu ya mdogo wangu alimfokea: haya ni makovu ya mtu aliyevuta miaka na miaka, kwa nini unanidanganya? Mwenye nyumba anasema chumba kile kiliwahi kuwa ghala la tumbaku. Jirani yake anabisha, anasema palikuwa duka la viatu. Mzee alikuwa nani, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu anapumua nusu. Nusu nyingine imetundikwa kwenye kuta za watu.

Wiki iliyopita mkunga mmoja aliniletea picha karakana, ameifunga kwenye shuka. Ilikuwa Kiti cha Jioni.

"Kioo kinaingia ukungu kwa ndani," alisema. "Nafuta, haufutiki. Na mume wangu akishakaa mbele yake jioni, simpati tena. Namwita, haniitikii."

Niliweka sikio kwenye kioo.

Hhhh...

"Utanisamehe, mama," nilimwambia. "Hii hairudi kwako."

Nilikumbuka: picha isiyo na fremu huvuja. Nikachukua nyundo, nikaivunja fremu niliyoiunga kwa mikono yangu. Mkunga alipiga yowe. Vipande vya kioo vilikuwa bado vinalia sakafuni simu yangu ilipoita. Mdogo wangu, analia na kucheka kwa pamoja. "Dada, umefanya nini? Hewa imeshuka mpaka chini!"

Nilikuwa bado nimeshika simu mkunga alipoongea, taratibu, akiangalia zile mbao zilizovunjika.

"Sasa nitamwambia nini yule mzee? Yeye ndiye aliyenileta kwako. Amesema mnajuana, na kwamba utaikaza fremu."

"Yuko wapi?"

"Hapo nje. Ananisubiri."

Asali. Kahawa. Ngozi ya viti vya zamani.

Nilimwambia mkunga asimame nyuma yangu. Nikaushika mlango kwa mkono wenye kovu, nikaufungua wazi kabisa.

"Karibu!" nilipaza sauti, mtaa mzima usikie. "Zilizobaki nitazitafuta moja moja!"

Hakuingia mtu. Barabara ilikuwa tupu. Pazia la mlangoni tu lilianza kuvutwa kuelekea nje, polepole, likanyooka kama mtu anavuta pumzi ndefu... na halikurudi.

Nikalikamata kwa mikono miwili, nikalirudisha ndani.