Kiondo cha Cucu na Kigari cha Kimotho

Gathoni aliuza mboga kwenye kibanda chake mjini Kiminini. Tangu ajifungue, mgongo ulimsumbua sana. Daktari alimkataza kumbeba mtoto mgongoni. Bila kigari cha mtoto, angefunga kibanda. Basi mumewe, Muchiri, akaenda kwenye mitumba Kitale, akarudi na kigari chekundu.

"Tazameni hiki!" akajigamba. Rangi ilimpendeza. Mengine hakuyatazama.

Mamake Muchiri, Cucu Wacuka, nyanya wa mtoto, akaguna. Mtoto alikuwa na miezi minne na aliitwa Kimotho, jina la marehemu mume wa Cucu. Kwa hivyo Cucu alimwita mzee wangu.

"Mzee wangu hubebwa mgongoni, hasukumwi kama mkokoteni," akasema.

Lakini walipofika kibandani, kiondo chake cha viazi kilikuwa kimemchosha. Akaona mpini wa kigari uko wazi. Akakitundika hapo.

Lo! Kigari kikainuka mbele, kikaanza kuanguka nyuma. Wabwile, fundi wa baiskeli kutoka Bungoma, alikuwa kando akiziba pancha. Aliruka, akakidaka kabla mtoto hajafika chini.

Gathoni alimkumbatia mwanawe, machozi yakimtoka. "Nafunga kibanda leo. Afadhali nikose mboga kuliko kukosa mtoto."

"Pole, Mama Kimotho. Usifunge," Wabwile akasema. "Mpini ni wa kusukuma, si wa mzigo. Mzigo ukikaa nyuma, kigari kinapinduka. Halafu angalia, mtoto amejikunja. Shingo yake bado haijakaza. Huyu anataka kiti cha kulala chali. Na mikanda iko wapi?"

Muchiri akajikuna kichwa. "Lakini si kinang'aa, bana?"

"Ati kung'aa!" Wabwile akasema. "Hata sufuria inang'aa."

Jumamosi wakaenda naye soko la Bungoma. Wabwile alikataa vigari viwili. Cha tatu alikikunjua, kufuli likalia tak. Akabonyeza kwa nguvu, hakikukunjika. Akakanyaga breki, akasukuma, magurudumu yakagoma. Akavuta mikanda ya mabega, ya kiuno na ya katikati ya miguu. Yote ikashika. Kiti kililala kabisa. Magurudumu yalikuwa makubwa, ya kufaa njia ya mawe. Chini kulikuwa na kikapu kidogo cha nepi.

"Rangi imechujuka," Muchiri akalalamika.

"Mtoto hatalala juu ya rangi," Gathoni akamjibu. Wakakichukua hicho.

Kibanda hakikufungwa. Kila asubuhi Gathoni humfunga Kimotho mikanda, na akisimama, mguu wake hukanyaga breki kwanza.

Juzi Cucu alikuja na viazi tena. Mkono wake ukaenda kwenye mpini. Gathoni akashtuka, akafungua kinywa.

"Nyamaza, nimekumbuka," Cucu akasema. Akaweka ukanda wa kiondo kwenye paji la uso, kiondo kikakaa mgongoni, kama alivyozoea tangu usichana, kisha akaachilia breki.

"Mzee wangu alikataa kunibebea kiondo miaka arobaini," akasema, akisukuma kigari polepole. "Leo ndipo nimejua alikuwa na haki: mzigo ungempindua."