Ndoa ya Mwaka wa Nyota

Hester alikuwa akigeuza mkate wa mahindi. Mumewe, Isham, alikuwa akitia jembe mpini. Binti yao Vina, mwenye miaka kumi, alikaa mlangoni akisoma kitabu cha shule kwa sauti. Kila alipomaliza mstari, Isham alitikisa kichwa kwa mshangao. Mwaka jana tu walikuwa watumwa, hapa Marekani. Leo mtoto wao anasoma!

Mara jirani yao Tempe akaingia akihema. Tempe alikuwa mfuaji wa nguo nyumbani kwa hakimu, na masikio yake hayakulala.

"Isham, bwana wenu wa zamani anakwenda mahakamani Jumatatu," alisema. "Anamtaka Vina."

"Anamtaka vipi, Shangazi? Utumwa si umefutwa?"

"Umefutwa. Lakini mtoto asiye na baba kisheria, hakimu anaweza kumkabidhi kwa tajiri amfanyie kazi mpaka awe mtu mzima. Naye anasema Vina hana baba."

"Hana baba?" Hester alifoka. "Na huyu aliyekaa hapa ni mwiko?"

"Tuliruka ufagio mbele ya watu wote!" Isham alisema. Kwa watumwa, kuruka ufagio pamoja ndiyo ilikuwa harusi, na ufagio wenyewe ulikuwa bado umetundikwa juu ya mlango.

"Mungu aliuona. Sheria haikuuona," Tempe alijibu. "Tangu wazee wetu washushwe melini katika nchi hii, miaka mia mbili na zaidi, ndoa ya mtumwa haikuhesabiwa. Sasa jimbo letu la Karolina Kaskazini lina sheria mpya. Mlioishi mume na mke utumwani, nendeni kwa karani wa mahakama mkaseme mlianza lini. Akiandika, ndoa ni halali na watoto ni wenu. Mali bila daftari huisha bila habari."

"Mali nilikuwa mimi, Shangazi!" Isham alisema kwa uchungu. "Daftari nalijua. Niliandikwa chini ya nyumbu na juu ya sufuria. Wanangu wawili waliuzwa kwa daftari hilohilo. Siandikwi tena!"

Hester alimsogelea. "Baba Vina, wawili wametutoka. Ukikaa na hasira zako hapa, watakuwa watatu."

Isham aliweka jembe chini. Kisha akachukua kofia yake.

Kwa karani palikuwa na kitabu kikubwa mezani. Isham alipokiona, alisimama mlangoni mpaka Hester alipomshika mkono.

"Mlianza kuishi pamoja mwaka gani?" karani aliuliza.

Wakatazamana. Nani aliwahi kuwafundisha miaka?

"Ulikuwa msimu wa kumenya mahindi," Hester alisema. "Mwaka ule nyota zilipoanguka."

"Nyota?"

"Mbingu nzima, bwana! Zilimiminika kama mvua. Tukajua ni kiyama. Hata bwana wetu alipiga magoti uani akilia. Jumamosi iliyofuata tukaruka ufagio."

Karani aliweka kalamu chini. "Niliziona," alisema taratibu. "Nilikuwa mtoto. Mama alinibeba nje." Akachukua tena kalamu. "Hiyo ni Novemba, mwaka 1833."

Lo! Kumbe usiku ule ulikuwa na tarehe! Miaka thelathini na mitatu Isham ameubeba moyoni, na huyu mtu anaujua.

Karani akaandika, kisha akasoma: "Isham Pettiway na Hester Pettiway, mume na mke tangu Novemba 1833."

Hapakuwa na nyumbu juu, wala sufuria chini. Yalikuwa majina yao wawili tu.

"Soma tena, bwana," Isham alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Karani akasoma tena, kisha akawapa cheti.

Jumatatu, hakimu aliuliza, "Mtoto huyu ana baba?"

Isham alisimama na kutoa cheti. Hakimu alikisoma kimya, akamtazama bwana wa zamani.

"Ana baba," alisema. "Kesi imekwisha."

Yule bwana alitoka bila kuaga.

Siku hiyo Isham alitundika cheti kando ya ufagio. Walipomaliza kula, akamwita binti yake.

"Vina, nisomee."

Vina alisoma kila neno.

"Sasa soma pale penye nyota."

"Nyota hazikuandikwa, Baba."

"Zimo, mwanangu," Isham alisema. "Wewe soma polepole."