Selo ya Asger

Jirani yetu Sidsel, wa ghorofa ya pili hapa Randers, Denmark, anafundisha hesabu na haamini mizimu. Hajifanyi, haamini tu, kama wengine wasivyokula samaki. Alipoyasimulia haya alikuwa na hasira zaidi kuliko hofu, na hasira hiyo ndiyo iliyotufanya tumwamini.

Ilikuwa Jumapili ya mvua, mwezi wa Novemba, saa nne asubuhi. Sidsel alikuwa sebuleni, blanketi mapajani, kahawa pembeni, akicheza kwenye kompyuta gemu la zamani la kujenga gereza. Diski aliipata kwenye soko la mitumba la kanisani, haina hata kasha. Unajenga kuta, selo, jiko, ukumbi wa kulia, unaajiri walinzi, wafungwa wanaletwa kwa basi. Watu wake ni wadogo kama punje za mchele, lakini ukishaanza kulicheza huinuki.

Wiki tatu alikuwa amekwama hatua ya saba. Sharti lilikuwa rahisi mno: mwezi mmoja wa gemu upite bila mfungwa hata mmoja kukosekana wakati wa kuhesabiwa. Na kila siku alikosekana mmoja, yuleyule, namba kumi na tisa. Wenzake wamesimama kwenye milango ya selo zao, yeye yuko bafuni.

Gemu hilo linakuruhusu kuwabadilisha wafungwa majina, na wachezaji wote wana tabia moja: huwapa majina ya watu wanaowaudhi. Mkuu wa shule wa Sidsel alikuwa kule anafua mashuka. Namba kumi na tisa alikuwa Asger.

Asger mwenyewe ni mdogo wake. Mkewe alipomfukuza alikuja kulala siku mbili tatu. Sasa ilikuwa imetimia miezi mitano.

"Mkuu wa magereza!" Asger alichungulia mlangoni, taulo begani, kidevu kimenyolewa hadi kinang'aa, maana mchana alikuwa anakwenda kumwona binti yake. "Mkate upo?"

"Upo. Na vyombo vyako vya jana vipo."

"Nitaviosha, dada."

"Ulisema hivyo Alhamisi."

"Alhamisi nilimaanisha," akasema, akaingia kuoga.

Kwenye kioo cha kompyuta, kengele ya kuhesabu ikalia. Namba kumi na tisa akageuka, akaelekea bafuni.

Sidsel akasonya. Basi. Akafanya wanachofanya wachezaji wote wakishachoka: akaung'oa mlango wa bafu la gereza, akaamuru ukuta badala yake. Ukuta hauhitaji mlinzi. Fundi akaja, akagonga nyundo yake mara sita, kazi ikaisha. Kwa hesabu za gemu, aliyezibiwa ndani ni mfungwa aliyepo. Sidsel akaongeza mwendo wa saa. Siku kumi. Ishirini. Mwezi mzima ukapita, hakukosekana mtu. Kioo kikaandika kwamba amefuzu.

Akacheka kwa sauti, peke yake.

"Sidsel?" Sauti ilitoka bafuni, ndogo.

"Nini tena?"

"Mlango uko wapi?"

"Asger, acha utoto."

"Dada, nimepapasa ukuta wote. Hakuna mlango."

Akaenda, mguu mzito kwa uchovu wa miezi mitano. Mlango ulifunguka bila taabu. Taulo lilikuwa sakafuni. Maji yalikuwa yanatiririka. Hakukuwa na mtu.

"Nimekuita siku nyingi," ikanong'ona sauti nyuma ya vigae. "Kwa nini hukuja?"

Nyuma ya vigae vile hakuna chumba. Kuna mvua, na chini yake maegesho ya baiskeli.

Akakimbilia kompyuta. Akaweka mlango. Gemu likakataa: mlango lazima upakane na korido. Korido ipo! Likakataa tena. Akaamuru ukuta ubomolewe. Hilo likakubali. Lakini fundi alikuwa ukumbini, anakula. Sidsel akambofya. Hakuinuka. Akambofya mara ishirini, akamtolea matusi yasiyofaa kutoka kinywani mwa mwalimu. Fundi akatafuna. Akamaliza. Akarudisha sahani. Akazunguka uwanja wote kwa nje, maana njia ya mkato aliiziba Sidsel mwenyewe.

Akaufikia ukuta. Akainua nyundo.

Kioo kikaganda, ila saa ya gemu pembeni ikazidi kukimbia, miezi kwa miezi.

Kuzima hakuweza. Gemu lile hujihifadhi lenyewe hatua ikikamilika, na ilikamilika ukuta ukiwapo. Akiwasha upya, ukuta utakuwapo milele. Akakaa. Akashika kichwa. Kule bafuni sauti ilikuwa imenyamaza, na hilo lilikuwa baya kuliko kuitwa.

Dakika moja. Tatu. Tisa.

Nyundo ikashuka.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Asger akatoka akijishika ukutani. Ndevu zilimfika kifuani.

Sidsel akaichomoa diski, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa vipande, ndipo akamkumbatia mdogo wake akilia.

"Nisamehe. Imekwisha. Haitakuchukua tena."

Asger alikuwa anavitazama vile vipande. "Umeivunja?"

"Yote."

"Na yule mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Wa selo ya jirani, nyuma ya ukuta. Palikuwa na tundu, ndimo alimonipitishia chakula." Akageukia bafuni. "Anaitwa Vilma. Anasema kaka yake ndiye aliyemjengea ukuta, akicheza gemu hili hili. Kaitwa mezani kula, akimaliza atakuja kumfungulia."

Akakunjua kiganja. Kilikuwa na kipande cha mkate mweusi, bado laini, kimeumwa ukingoni na meno madogo, ya utotoni.