Neno Lililofumuliwa

Kila alasiri Chiriku alimkuta bibi yake kwenye cherehani, miwani puani, nguo za watu magotini. Jina hilo la ndege alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Wiki ile Mwalimu aliwaagiza wanafunzi wawaulize wazee wao asili ya maneno ya bustanini na ya ushonaji. Chiriku hakuuliza. Alikuwa na shughuli zake za kuruka kamba, basi akatunga: eti neno cherehani limetokana na chereko za harusini. Chini akaandika, “Nimeelezwa na Bibi, fundi wa nguo.”

Mwalimu alifurahi, akaibandika karatasi ukutani. Ijumaa Bibi alikuja kupima mapazia ya darasa, akawakuta watoto wa darasa la nne, jirani zao, wakiinakili. Akaisoma hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaendelea kupima. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani alishindwa kuvumilia. “Bibi, mbona hunigombezi?”

“Nikugombeze nini, mjukuu wangu? Miaka arobaini nashona, hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Leo nimetajwa ukutani.”

Chiriku akaangua kilio. “Nilitunga mwenyewe. Nisamehe, Bibi.”

“Nimekusamehe. Na wale watoto je?” Bibi akamwekea mapajani sketi yenye pindo lililokwenda upande, na wembe. “Mshono ukikosewa hatupigi pasi juu yake. Tunafumua mpaka pale tulipokosea. Haya, anza.”

Chiriku akafumua, uzi kwa uzi, huku Bibi akimweleza. Cherehani limetoka kwa Waajemi, katika neno lao la gurudumu. Bustani nalo ni lao, mahali penye harufu nzuri.

“Na kiraka?”

“Hilo silijui.”

“Hulijui? Wewe, fundi mzima!”

“Silijui. Andika hivyo hivyo.”

Jumatatu Chiriku alisimama mbele ya darasa, akasema ukweli wote. Wengine walicheka. Akaenda darasa la nne, akawaomba wafute, daftari moja baada ya jingine. Ilikuwa aibu, lakini hakuruka hata moja.

Bibi alipoleta mapazia, karatasi mpya ilikuwa ukutani. Aliisoma hadi mstari wa mwisho: “Kiraka. Bibi hajui asili yake.” Akamshika mjukuu wake bega.

“Kusema sijui hakumvunjii mtu heshima, mwanangu. Uongo ndio unaoivunja, tena hauvunji ya kwako peke yako. Hapa sasa, hata wakinitaja, sina neno.”

Kisha wakapanda kwenye viti, wakatundika mapazia.